Mgongo wa Chupa

Shati nililopewa limedariziwa SUJITH.
Sujith alirudi kwao kabla sijafika,
akaniachia jina kifuani na doa la mafuta mfukoni.
Mimi ni Mwinyikombo wa Pangani,
lakini hapa Ghala, mtaa wenye jina la bohari,
jina la mtu ni lile lililokwisha shonwa.

Mwaka wa kwanza niliishi shimoni.
Gari linapanda juu yako kama kifuniko,
unalegeza nati, mafuta yanashuka na moto wake.
Nilizijua familia kwa matumbo ya magari yao:
hili limekwaruzwa na mawe ya wadi,
hili limeburuta mchanga wa Sharqiya,
hili halijatoka Maskati tangu linunuliwe.
Tumbo la gari halijui kusema uongo.

Uongo uko juu, kaunta, penye kiyoyozi.

Mwaka wa pili nikapandishwa.
Bwana Pradosh, msimamizi, akanikabidhi droo.
Ndani yake filta moja ya hewa,
nyeusi kama chini ya chungu, imechanika pembe,
na nzige mzima amekauka kwenye mikunjo.
"Hii usiipanguse," akasema. "Hii inalisha watu."

Ndivyo nilivyofunzwa kumpaka mtu mafuta
kwa mgongo wa chupa:
unaishika kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa,
unakunja uso,
unasema, "Tazama gari linavyovuta pumzi."
Husemi ni yake. Naye haulizi ni ya nani.
Riali tatu na nusu. Baisa mia mbili zangu.
Kisha dawa ya kusafisha injini,
kisha mafuta ya gia, eti yamegeuka rangi,
kisha stika kiooni: rudi baada ya kilomita elfu tano,
ingawa kopo lenyewe limeandikwa elfu kumi.

Nje, bango linasema DAKIKA KUMI.

Sijitetei. Filta tisa kwa siku
ni viatu vya Mwanahija, kidato cha pili.
Nasema tu yalivyokuwa.

Jumatano moja ya mwezi wa saba
akaingia Bi Zuwena na Corolla ya kijivu,
birika la kahawa limefungwa mkanda kiti cha mbele.
Nikafungua droo. Vidole viwili. Nikakunja uso.
Nikaanza kwa Kiarabu changu cha kuungaunga.

Aliitazama filta, akanitazama mimi,
akasema kwa Kiswahili cha Unguja,
taratibu, kama anayechambua mchele:
"Huyu nzige nilionyeshwa mwaka jana.
Hajambo?"

Nilikosa hata pa kuweka mkono.

"Na wewe, Sujith wa wapi unayeelewa Kiswahili?"
"Wa Pangani, bibi."
"Basi badilisha mafuta, Sujith wa Pangani.
Mafuta tu."

Alilipa, akaondoka.
Sakafuni nikaona tone.
Mlangoni, tone.
Kwenye lami, tone na tone,
gari linakwenda likitaja siri yetu.
Nati. Kijana wa shimoni alibakiwa na dakika moja,
akaiachia Mungu aikaze.

Nikakimbia. Ghala mchana hata paka hakimbii.
Nikamfikia mbele ya duka la marumaru,
spana mkononi, nikipiga kelele, "Zima injini!"
Nikalala chini ya lile tumbo,
lami ikinibanika mgongo,
nikakaza mzunguko mmoja, wa pili, na robo.
Nikarudi mbio kuleta kopo, nikajaza pengo.

Akashusha kioo. "Kiasi gani?"
"Hii haiuzwi, bibi."
Akanimiminia kahawa. Chungu, iliki nyingi.
Hakuniambia asante, wala sikuistahili.

Bwana Pradosh alinikata mshahara wa nusu siku.
Habari ya nzige haikumkasirisha hata kidogo;
alinipa koleo ndogo. "Mtoe," akasema.
"Watu wanamkumbuka."

Nimemtoa. Droo bado inafunguka.
Yeye yuko mfukoni, penye lile doa,
nyuma ya jina la Sujith,
mkavu, mwepesi,
miguu yote sita.