Daraja Lisilo na Gundi

Nilikwenda St. John's na dola mia tatu ndani ya soksi,
saa tatu za barabara, ukungu njia nzima.
Dukani kwa Leander Quinlan zilining'inia mandolini mbili za bei moja.
Ya kwanza imejikwatua: kisokoto begani mfano wa konokono,
vanishi inang'aa hata unajihesabu meno.
Ya pili umbo la tone la maji, kahawia tupu,
kama mkate uliosahauliwa kidogo jikoni.

Leander akaigonga ile ya urembo kwa kifundo cha kidole. Ko.
"Mbao za kubandikwa," akasema. "Hapa unamlipia konokono."
Akaigonga ya pili, na mlio ukabaki chumbani
kama mgeni asiyejua pa kutundika koti.
"Msonobari mtupu huu. Pesa yote imeingia ndani."
Nikainua shingo yake, nikachungulia kwa jicho moja
kama Cyril anavyochungulia mtutu kabla ya msimu.
Imenyooka.
Dola sitini zikarudi soksini.

Wanasema kizuri chajiuza.
Changu mimi kilihitaji wakili.

Nyumbani nikagundua nyuzi zimekaa juu mno;
kuzibonyeza ni kama kuzuia mlango, dhoruba imeegemea upande wa pili.
Miaka ishirini na sita nimevunja miguu ya kaa kiwandani,
vidole vyangu nilidhani vimeshasahau kuuma.
Usiku ule vilikumbuka.

Na zile jozi! Nyuzi nane, lakini kila mbili ni sauti moja.
Zikipishana sana, sikio linasamehe, linasema: hizi ni mbili.
Zikikaribiana bila kufika, hapo ndipo zinapogombana,
wuu-wuu-wuu, kama mume na mke wanaobishana kwa upole
mbele ya wageni.

Jumanne nikanunua nyuzi mpya, nikazivua za zamani zote kwa mkupuo,
mjuaji mimi.
Daraja likaanguka.
Likaruka mara moja juu ya sakafu, likaingia chini ya jiko.
Nikakaa chini nikiamini nimevunja kitu ambacho sijakipiga hata wimbo mmoja.

Saa nne za usiku nikampigia Nish Careen.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Loretta, daraja halina gundi. Halijawahi kuwa nayo.
Linasimama kwa kubanwa tu.
Ukitaka kubadilisha, toa uzi mmoja, rudisha mmoja.
Sasa kalete utepe wako wa cherehani."

Nikapima: toka kizingiti cha shingo hadi kijiti cha chuma cha kumi na mbili,
kisha urefu uleule tena, na unywele mmoja zaidi.
Hapo nikalisimamisha daraja, nalishika kwa kidole gumba
huku nakaza uzi wa kwanza kwa mkono wenye jasho.
Nikazungusha vile vigurudumu vyake viwili, robo, robo tena.
Nyuzi zikashuka.
Mlango ukafungika kwa kidole kimoja.

Cyril yuko Alberta, kwenye mafuta:
siku ishirini huko, nane hapa, mwaka wa kumi na moja.
Jumapili nikaweka simu juu ya meza, nikampigia sehemu ya kwanza
ya wimbo wa dansi alioujua mama yake.
Kimya.
Kisha: "Hiyo ni birika?"
Nikapiga tena, polepole, nikitetemesha mkono kama nilivyofundishwa,
kiwiko kimetulia, kifundo ndicho kinachofanya kazi.
Safari hii hakusema kitu.
Nikasikia anavuta kiti.

Sehemu ya pili bado inanishinda.
Naipiga ya kwanza mara mbili, halafu nasimama,
natega sikio kwenye ile jozi ya katikati,
nauzungusha uzi mmoja kidogo kuelekea mwenzake,
kidogo,
kidogo tena.