Kiwanja cha Tatu

Saa sita na dakika tano, bando la usiku likafunguka,
tukapanda jiwe la nyuma ya nyumba, Mabatini,
mimi na Lushinge, simu moja, chaji asilimia kumi na tisa.
Mchezo ulisema: kiwanja cha tatu hakimo humu,
kipakue.
Megabaiti mia nane na arobaini.

Nafasi haitoshi, simu ikajibu.
Tukafuta nyimbo za kwaya za mama –
tutamrudishia, Lushinge akaapa –
tukafuta picha za kipaimara, zile shangazi amefumba macho,
tukafuta hata kikokotoo.

Mstari wa kijani ukatambaa kama konokono wa ufukweni.
Arobaini: mbwa wa Igogo wakabweka.
Themanini na nane: ukagoma.
Nikainua simu kuelekea taa za Bugando
mpaka mkono ukafa ganzi.

Ukafika.

Asubuhi Lushinge, na ujanja wake,
akakihamishia kwenye memori kadi ili simu ipumue.
Tukafungua. Kiwanja cha tatu hakimo humu,
kipakue.

Lakini kimo! Tunakiona kwenye mafaili,
jina refu la namba tupu,
uzito uleule, mia nane na arobaini.
Kimo, ila hakitambuliki kwao.

Mama alikuwa akianika dagaa juu ya jiwe lilelile.
"Mimi nikihamisha gunia," akasema,
"namwambia mnunuzi nimeliweka wapi."
Kisha akanyoosha mkono wenye magamba:
"Hebu leteni simu. Nataka kusikia kwaya."