Saa Sitini na Moja

Kaseti niliinunua Memorial, chini ya rundo la viatu,
kwa elfu tatu na maneno mengi.
Muuzaji aliapa inafanya kazi. Hakuwa na pa kuichomeka.
Nyumbani Pasua niliipuliza meno, kama tulivyofanya utotoni,
nikaisukuma, na kwenye tivii ya kichogo
ukatokea mchezo wa mtu mwingine:
saa sitini na moja, dakika nne,
watu wanne wamesimama mbele ya mlango wa barafu.

Majina hayazidi herufi nne.
Aliyewabatiza alikuwa wa huku huku:
SHAO mwenye shoka,
DADA mwenye upinde,
AIKA wa kofia kubwa, anayeponya,
na mbele yao, ameshika upanga, MIMI.

Kwa nini aliishia hapo sijui.
Labda umeme. Labda shule ya bweni.
Labda kaka mtu aliiuza mwenyewe akiwa darasani.

Maandishi yote ni ya Kijapani.
Nilijifunza kama mtoto anavyojifunza jiko.
Neno la kwanza ni kupiga. La tatu linaponya.
La nne nililidhania moto, kumbe ni kukimbia,
na MIMI akatoka mbio, akawaacha wenzake wanakufa.
Niligeuka kuangalia kama kuna aliyeniona.

Jitu lenyewe limekaa. Halisimami hata kwa vita.
Mikono sita, taji la barafu, uso wa karani
anayekwambia urudi Jumatatu.
Jumanne liliniua. Jumatano, mara tatu.
Alhamisi Eliakunda alipita na ndoo ya nguo,
akauliza, "Bado hajafa huyo?"
akaenda zake kufua.

Humu hakuna papara. Unapiga, unangoja.
Nalo linapiga, linangoja.
Kama kugombana na baba mkwe:
kila mtu anaachiwa amalize sentensi yake.

Ijumaa usiku, mvua ya Aprili juu ya bati.
Mvua hii hii, kule juu Kibo, inaanguka theluji.
Balbu inakonyeza. Nasema, Tanesco, nusu saa tu.
SHAO chini. DADA kagandishwa, upinde umevutwa nusu.
Mkono wa tano unamshukia AIKA,
na kofia inabaki peke yake sakafuni.

Mfukoni mna jani moja la kufufulia.
Moja, kwa saa sitini na moja.
Alilitunza kama mama alivyotunza sahani za wageni,
zikaja kuliwa siku ya msiba wake.

Kidole kikagoma. Jani si langu.
Mtu hawezi kuliweka muda wote huo bure;
huenda ndiyo sababu alisimama mlangoni,
hakutaka kufika mahali pa kulitumia.

Nililitumia.
AIKA akainuka, akaiweka kofia sawa.
Akaponya, nikapiga. Akaponya, nikapiga.
Mkono wa sita ukadondoka. Wa tano.
Nikasahau chai, nikasahau mguu uliokufa ganzi,
nikasahau kwamba MIMI si mimi.

Kabla ya kufa jitu likasema kitu kirefu, kurasa tatu,
herufi moja moja, kama mtu anayeacha wosia.
Sikuelewa hata neno.
Kisha likamomonyoka kutoka kwenye taji kushuka chini.

Nilipiga ukelele. Eliakunda akaamka na mwiko, akidhani mwizi.

Halafu likaja swali, ambalo sasa nalijua kwa umbo:
nihifadhi?
Nafasi ni moja. Betri iliyo ndani, ndogo kama sarafu,
inakumbuka mtu mmoja tu.
Nilikaa pale na kidole juu ya ndiyo
mpaka mvua ikabaki kwenye migomba peke yake.

Nikazima mwenyewe, kabla umeme haujanizimia.

Asubuhi niliwasha, kuhakikisha.
Saa sitini na moja, dakika nne.
Wote wanne mlangoni, jani mfukoni,
na MIMI mbele yao,
anamngoja mwenyewe.