Nafasi Moja kwa Alfajiri

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Kompyuta hii ilikuja kipara:
kiboksi cha bati, nyaya sitini na nne
zikining'inia kama mizizi ya mhogo uliong'olewa,
na ndani yake hakuna neno hata moja
kuhusu petroli, kuhusu injini, kuhusu mimi.

"Ifundishe," alisema Darlene,
ameegemea mlango wa gereji, sigara haijawashwa.
"Ila ukiidanganya, itaamini."

Niliidanganya mwezi wa tisa.
Niliandika namba za kubahatisha, hewa nyingi, mafuta haba,
nikakanyaga hadi mwisho kwenye barabara ya Rosthern,
na pistoni ya tatu ikayeyuka kama mshumaa.
Ipo dirishani sasa. Natilia skrubu.

Tangu hapo mkono wangu mwepesi.
Vijumba mia mbili hamsini na sita kwenye skrini,
na kila kimoja chataka kuambiwa:
mafuta kiasi hiki, hewa kiasi hiki,
cheche iruke nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu.
Injini ikishapata moto ni msema kweli.
Ukikosea, inakukoholea hapo hapo;
ukirekebisha, inanyoosha sauti.
Kwa siku moja nilimaliza vijumba arobaini
nikaenda kulala nanuka mafuta, nimeridhika.

Lakini baridi.

Baridi ina jedwali lake, dogo, la safu moja:
sifuri, hasi kumi, hasi ishirini, hasi thelathini.
Na hapa hakuna mazoezi.
Ukishaiwasha, si baridi tena.
Umepata, umekosa, ngoja kesho.

Kwetu Korogwe nilirekebisha kabureta
kwa bisibisi na sikio. Gari iliamka
nyuzi ishirini na nne, kesho yake ishirini na sita.
Haikujua baridi ni nini,
nami sikujua kwamba sijui.

Januari, Saskatoon. Saa kumi na moja alfajiri,
kabla ya zamu ya kufua mashuka hospitalini.
Nywele za pua zimeganda. Laptopu nimeifunga kwa kanga
kama mtoto mchanga, isizimike.
Petroli kwenye baridi hii haitaki kuwa mvuke;
inajibandika kwenye kuta za silinda
kama mgeni asiyevua koti.
Basi unaiongeza, mara mbili, mara tatu,
na ukizidisha tone, plagi zinazama.

Jumatatu: ikakohoa mara mbili. Kimya.
Nikaongeza sita kwa mia, nikapanda basi.
Jumanne: ikashika, ikatetemeka, ikafa.
Jumatano nilizidisha. Moshi mweusi mtaa mzima;
Bwana Tkachuk akafungua pazia, akanitazama,
akalifunga.
Alhamisi hali ya hewa ikanisaliti,
hasi kumi na mbili tu.
Kazini kila mtu alifurahi.
Mimi nilinuna hadi chakula cha mchana.

Ijumaa, hasi thelathini na moja.
Theluji chini ya buti inalia kama kreti za soda.
Nikageuza ufunguo, sikupumua.
Starta ikazunguka kivivu, kivivu,
kama mtu anayetafuta miwani gizani,
halafu moja, halafu tatu, halafu zote nne.
Sailensi, elfu moja mia tatu.
Sikugusa kitu. Nilitazama namba zikishuka
jinsi maji yalivyokuwa yakipata joto,
elfu moja mia moja, mia tisa, hapo ikatulia.
Bisibisi ilikuwa mfukoni. Sijui kwa nini bado naibeba.

Darlene akatokea na vikombe viwili.
Akasikiliza. Akawasha sigara.
"Sawa," akasema. Kwake hiyo ni hotuba.

Nikahifadhi. Kijumba kimoja.
Kilichobaki, hasi arobaini, bado kitupu.
Redio inasema labda Jumanne.
Nimeshatega saa ya kuniamsha.