Mizani ya Ndoo Moja

Shayiri hii ilikataliwa.
Lori la kampuni lilipanda hadi Kapchorwa,
kijana akatia mkono guniani, akatafuna punje moja,
akasema: ndogo mno, na ina unyevu.
Musobo akabaki na magunia sita na mdomo wazi.
Nikanunua madebe mawili. Sikumwambia ya nini.

Miaka ishirini na mitatu nilipima kahawa ya watu
pale chama cha ushirika. Najua mizani inavyodanganya,
najua kidole kinavyoegemea sahani
huku mwenye kahawa akitazamishwa mlima.
Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani.
Mizani ndogo, ile ya sampuli, nilijipa mwenyewe.

Basi: siku mbili majini, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni.
Siku nne sakafuni, juu ya gunia, chumbani kwa Chesang
(yuko Kampala, hatajua),
mpaka punje zikaota ndevu nyeupe
na nyumba ikanuka tango lililokatwa sasa hivi.
Kimea. Nikakianika.
Nusu kilo nikaikaanga
hadi ikafanana na magoti yangu.

Hopsi zilikuja na basi la usiku, ndani ya bahasha,
kutoka kwa Chesang huyo huyo:
kijani kikavu, harufu ya ganda la chungwa
na nyasi zilizonyeshewa.
"Mama, usizimwage zote," aliandika.
Nilizimwaga zote.

Ndoo ya kwanza ilikuwa dawa ya malaria.
Yesho wa jirani hunywa chochote;
alishusha kikombe, akauliza amenikosea nini.

Ndoo ya pili niliogopa. Hopsi nusu kijiko.
Ikatoka uji uliolewa,
tamu juu, tamu chini, tamu inakutazama
kama mgeni asiye na habari.

Chesang akatuma bahasha nyingine, safari hii bila maneno.
Hapo ndipo nikaitoa mizani kabatini.
Nikapiga mstari katikati ya ukurasa, kama daftari la ushirika:
huku kimea, huku hopsi.
Kilo nne za kimea cheupe. Ile nusu iliyokaangwa.
Maji ya moto yasiyounguza, saa nzima,
sufuria imevishwa blanketi kama mtoto mwenye homa.
Gramu ishirini za hopsi mchemko ukianza,
na kwa kuwa huku juu maji huchemka kabla ya kufika mia,
nne zaidi, kwa ajili ya mlima.
Kumi nilizishika kiganjani
mpaka dakika ya mwisho. Hizo si za uchungu. Ni za pua.
Kisha hamira, na kifuniko, na giza la uvunguni,
na usiku kucha kitanda kikinong'onezwa kutoka chini.

Nilidhani mizani ni pande mbili kulingana.
Gramu thelathini na nne kwa kilo nne na nusu!
Karani gani angetia sahihi?
Lakini ulimi una daftari lake.
Unataka utamu uingie kwanza, uvue viatu, ukae,
ndipo uchungu ubishe hodi
kabla mwenyeji hajaanza kusinzia.

Mama yangu hakupima kitu.
Alichovya kidole kwenye malwa, akainamisha sikio,
akajua. Chungu kwake kilikuwa chombo.
Kwangu mimi chungu ni ladha, na ninaihesabu,
na sijui nani kati yetu alikuwa na kazi rahisi.

Siku ya kumi na tisa Musobo alipita
kuulizia machicha ya ng'ombe wake.
Nikammiminia. Akanywa amesimama. Kisha akakaa.
Povu likamwachia mstari juu ya mdomo, hakulifuta.
"Shayiri ya nani hii?"
"Yako. Ile ndogo, yenye unyevu."

Akaigeuza glasi kwenye mwanga wa mlango,
polepole, upande mmoja, upande wa pili,
kama anayetafuta mahali kijana yule alipong'ata.
Kisha akaisukuma mezani, karibu na mkono wangu.
"Nipimie tena."