Neno Lenye Milango Miwili

Jaji alisoma kurasa thelathini na moja,
nami nikazihamisha, sentensi kwa sentensi,
hadi sikioni mwa Nyevu.
Neno la mwisho lilikuwa jepesi: uko huru.
Hakulisikia. Nikalirudia.

Nje, Malindi ilikuwa imeshapasuka kama dafu.
Wauza viazi vya karai wa Maweni walipiga vigelegele:
"Shemeji aje usiku na panga, umkaribishe uji?"
Kijana wa boda akazima pikipiki apate kubisha vizuri:
"Pigo la kwanza, sawa, kajikinga.
La pili, haya, giza.
La tatu mtu yuko chini. Hilo la nini?"
Kinyozi wa Majengo akamwacha mteja na povu, nusu kichwa,
akayahesabu mapigo hewani kwa wembe.

Ijumaa hiyo, wasema, fundi wa Kisumu Ndogo
aliuza mbuzi za kukunia nazi kumi na nne,
na kila mnunuzi alijaribu jino kwa kidole gumba.

Mamake Thoya hakubishana na mtu.
Alikaa ngazini pa mahakama, kiatu kimoja mkononi.
"Nilizaa wana wawili.
Mmoja alimwoa Nyevu,
mmoja kafa mkononi mwa Nyevu.
Wajukuu nilio nao wako kwa Nyevu.
Leo nikale wapi?"

Mimi wananiuliza, kwa kuwa nilisimama karibu naye:
ati, uso wake ulikuwaje?
Nawajibu, mkalimani hana macho,
ana mdomo, nao wa kuazimwa.

Nisilowaambia ni hili.
Siku ya ushahidi alitamka neno moja la Kigiriama,
neno la kwetu, lenye milango miwili:
ukiingilia mbele, ni kumzuia mtu;
ukitokea uani, ni kummaliza.
Karani kalamu juu, jaji ananitazama, feni inalia kwi, kwi,
nikafungua wa mbele.
"Nilitaka kumzuia, mheshimiwa."
Sikusema uongo.
Uani sikufungua.

Jana nilirudi nyumbani nikakuta wali bila nazi.
Mbuzi haikuwa jikoni.
Niliiona baadaye, nikitafuta ndara:
chini ya kitanda, upande wa mke wangu,
jino limeelekea mlangoni.

Sikuuliza.
Wali ulikuwa mkavu.
Nilikula wote, nikashukuru.