Kikohozi cha Chedego

Mabati ya kibanda umiza, huku Majengo,
yana tundu la msumari usawa wa sikio langu.
Kiingilio mia tano. Sina.
Nasimama nje, upande wa jalala,
naisikiliza filamu yetu.

Walikuja Julai, ule mwezi upepo wa Dodoma
unapokuchuna kama mbuzi wa sikukuu.
Walikuja na taa, na jenereta, na kijana mnene
anayepakwa vumbi usoni kwa brashi.
Vumbi, Dodoma hii, wamelileta na kopo!
Chedego alicheka mpaka akashika mbavu.

Wakaazima maboksi yetu, wakaazima blanketi,
wakasema, "Wazee, tunaigiza urafiki wenu.
Kaeni kule nyuma ya ukuta wa stesheni. Kimya."

Humo ndani sasa wale wenye njaa ya kupakwa wanakumbatiana.
Mmoja anasema: "Ndugu yangu, wewe ndiye nyumba yangu."
Watu wametulia tuli. Mwanamke anapenga kamasi.

Sisi hatukuambiana hivyo hata siku moja.
Yeye aliniita Mrangi mchoyo
kwa ajili ya kipingili cha muwa cha mwaka juzi.
Mimi nilimwita Mgogo wa mlenda.
Usiku alilala upande wa upepo,
akidai ni kwa sababu nakoroma,
hataki pua yangu imwelekee.
Miaka sita niliamini.

Blanketi walilirudisha limefuliwa,
linanukia maua nisiyoyajua.
Tukalala humo siku tatu kama wageni wa watu
mpaka likakubali tena kuwa letu.

Agosti, zabibu zikiwa bado kwenye mizabibu,
niliamka mgongo umekufa ganzi.
Ndipo nikajua upepo unatokea wapi.

Haya, pikipiki imeshapita.
Yule mnene anaanza kulia.
Ngoja. Moja. Mbili.
Kho! Kho-kho!

Hicho hapo.
Walisema kimya, yeye akakohoa,
nao wakasahau kukifuta.
Ndani hakuna aliyegeuza shingo.

Mimi huku nje napandisha kola,
nasogea kidogo nimpishe ukutani,
namwambia kama kawaida yetu:
we mzee, ziba mdomo,
watu wanaigiza.